Mkono Usio na Mwenyewe

Jumamosi, 1 Mei

Siku ya kumi na nne ya kuwa mke wa Nulfo! Nimeamka nikakuta ameniwekea kahawa juu ya kiti, amefunika kikombe kwa sahani ili nzi wasiingie. Nani mwingine ana mume wa hivi? Nani!

Na gazeti limetoka. Sauti ya Kisiwa, ukurasa wa kwanza, picha ya mume wangu! Soko lililoungua mwaka jana limefunguliwa tena. Wanawake watatu nyuma ya meza ya chaza, wanacheka, jua la asubuhi usoni. Wa katikati ni mama mkwe wangu. Chini yake, kwa herufi ndogo: Picha na Arnulfo Beltran. Nimeikata, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Kila nikifungua kutoa nguo nalisoma jina lake.

Nilikuwa bado nalisoma, wifi yangu Merli akaingia bila hodi, gazeti mkononi.

"Bibi harusi, hebu nihesabie watu hapo."

Nikahesabu. Watatu.

"Na wa katikati ni nani?"

Watatu katika picha moja—wa katikati hutangulia kaburini. Mtoto wa chekechea anajua. Na Nulfo anajua kuliko wote! Kabla hajabonyeza kamera huhesabu kwa sauti. Siku ya harusi yetu walisimama mashangazi watatu, akakimbia jikoni akamvuta mpishi na mwiko wake awe wa nne.

Sasa leo imekuwaje? Kwa mama yake mzazi?

Nimemuuliza aliporudi. Amesema mhariri alikuwa anamharakisha. Kisha akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kuoga. Muda mrefu.

Jumapili, 2 Mei

Baada ya misa uwanja wa kanisa haukuwa na neno jingine. Mama mkwe alikuwa anapokea pole kama mfiwa—na msiba ni wake mwenyewe! Mmoja kampa mshumaa. Mwingine kamwambia achore mtu wa nne kwa kalamu, ili hesabu ivunjike. Sokoni wamekwisha chora wote. Kwenye meza moja nimeona mtu wa vijiti mwenye kofia. Kwenye nyingine wamembandika Mtakatifu Antoni pembeni, kana kwamba naye anauza chaza.

Kisha muuza mishumaa akauliza: "Na mkono huu wa nani?"

Tukainama sote. Kweli! Kwenye bega la mama mkwe kuna mkono. Vidole vinne, kucha nyeusi. Sining, muuza chaza mwenzake aliye upande huo, ana kisu mkono mmoja na chaza mkono wa pili. Tiya Ume, wa upande wa pili, kajishika kiuno kwa mikono yote miwili. Mama mkwe kashika mizani na kikapu. Mikono sita, yote ina wenyewe. Huu ni wa saba.

Kelele! Sisi watu wa mkoa wa Capiz visiwa vyote hututania kwamba kwetu ndiko nyumbani kwa aswang, wale wachawi wanaoacha nusu ya mwili kitandani wakaruka kwenda kula wenzao. "Huyu kazidi," akasema mzee mmoja. "Kaacha vyote nyumbani, kaleta mkono tu." Watu wakacheka mpaka padri akatoka kutazama.

Mimi nilicheka kidogo. Mkono ule hauruki. Una mwili, na mwili umekatwa. Picha hukatwa kwa kisu, juu ya meza, kabla ya kupelekwa kwa mhariri. Na kisu ni cha mume wangu.

Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu. Nulfo: "Mtu aliyekuwa anapita tu, mpenzi." Mama mkwe: "Mkono gani? Hicho ni kivuli cha turubai." Wifi Merli: "Mimi mkono siujui. Ila kucha nazijua."

Hakuniambia za nani. Akaondoka zake anaimba.

Jumatatu, 3 Mei

Sasa nimeambiwa. Gilda! Amerudi kutoka Hong Kong wiki tatu zilizopita na amefungua saluni karibu na posta. Kucha ndefu, nyekundu. Kabla yangu, Nulfo alikuwa mchumba wake kwa miaka minne. Minne! Mimi nimechumbiwa miezi mitano tu, tena kwa kujificha.

Na rangi nyekundu gazetini hutoka nyeusi. Hilo sikuambiwa na Merli. Alinifundisha Nulfo mwenyewe, tukitazama maua ya harusi yetu kwenye picha.

Kwa hiyo alihesabu wanne, akapiga, halafu akamkata mmoja nisimwone. Kwa haraka ya kuficha akasahau kuhesabu tena. Ndiyo maana wamebaki watatu. Hakuna maelezo mengine. Nimetafuta, Mungu ananiona.

Ningekuwa na mama karibu ningemuuliza. Lakini mama yangu yuko ng'ambo ya mto, na baba kaapa kwamba yeyote wa nyumba yake atakayeonana na mpiga picha yule asirudi kwake. Yote kwa sababu ya picha! Mwaka juzi jogoo wa baba wa kupiganisha, Senador, aliuawa ulingoni ndani ya sekunde nane, na Nulfo akampiga baba picha akilia, mdomo wazi, jogoo kifuani. Ukurasa wa kwanza. Watu waliikata wakaibandika kwenye vioo vya vinyozi. Mpaka leo wanamwita Mjane wa Jogoo. Nulfo alipokuja kunichumbia, baba alikwenda kutafuta panga. Harusini upande wetu ulikuwa na benchi tupu. Sijamwona mama tangu Machi.

Basi sina wa kumuuliza. Nimeandika barua kwa mhariri. Sikutia jina. Nimeandika kwamba wasomaji wana haki ya kuiona picha nzima, bila kukatwa, na kwamba mwanamke mzee anateseka bure ikiwa walikuwa wanne. Nimesaini: Msomaji Mpenda Kweli.

Jioni Nulfo kaniletea keki ya mchele, moto, imefungwa kwenye jani. Akanimegea kipande cha katikati, kile kitamu. Nampenda! Nampenda na namchunguza, siku moja hiyo hiyo.

Alhamisi, 6 Mei

Mama mkwe hakwenda sokoni. Amelala, amejifunika shuka jeupe mpaka kidevuni, saa nne asubuhi, na joto hili. Kikaango chake kizuri kampa Merli. Rozari kaniachia mimi. Tiya Ume kaja kumtania: "Ukifika huko, Pasing, mwambie marehemu mume wangu bado namdai maelezo." Hakucheka.

Nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia, mama, dawa ni rahisi. Sema tu nani alikuwa wa nne. Watu wakijua mlikuwa wanne, hakuna wa katikati, utapona.

Akaniangalia kwa huruma. Kwa huruma! Kisha akageukia ukuta.

Nimeondoka na baridi moyoni. Mtu anaogopa kufa, ufunguo anao mkononi, na hataki kuugeuza. Anamlinda nani? Mtu humlinda mwanawe tu.

Jambo lingine. Mara mbili kwa wiki, usiku wa kuamkia siku ya soko, mama mkwe huniuliza maswali. Unalala vizuri? Unakula? Nulfo hajakufokea? Mwanzoni nilifikiri anatafuta mjukuu. Sasa sijui. Pengine anamtafutia mtu mwingine nafasi.

Jumamosi, 8 Mei

Barua yangu imetoka! Ukurasa wa tano, na chini yake mhariri, Bwana Degracia, ameongeza kwamba amepokea barua kumi na tisa kuhusu mkono huo, moja kutoka kwa mtu anayedai ni wa bibi yake aliyekufa zamani. Ameahidi kuitoa picha nzima Jumamosi ijayo.

Nulfo aliisoma kwa sauti tukiwa mezani. Barua yangu mwenyewe, kwa sauti yake nzuri! Alipofika "Mpenda Kweli" akasema, huyu ni mmbeya fulani wa mjini, hana kazi. Nikatia chumvi kwenye kahawa.

Nikamuuliza, kwa hiyo utampa picha?

"Haiwezekani. Filamu iliingia mwanga. Imeharibika."

"Yote?"

"Yote, mpenzi."

Hakuniangalia. Yeye, ambaye akisema "nipe chumvi" hunitazama machoni!

Jumanne, 11 Mei

Nimekwenda saluni kwa Gilda. Nimelipa kupakwa rangi ya kucha ili niuone mkono wake karibu. Mkono mzuri. Mwembamba. Nikauchukia.

Nikamuuliza kama ameiona picha ya sokoni. Alicheka sana. "Watu wanasema ni mimi, eti? Dada, mimi nikinusa chaza navimba macho!" Kisha akaniambia Nulfo alimpiga picha miaka minne na hakuna hata moja aliyotoka macho yakiwa wazi. "Wewe je, ameshakupata macho wazi?"

Sijui alikuwa ananitania au ananipima. Alinipunguzia bei. Mtu asiye na hatia anapunguza bei kwa nini?

Jumatano, 12 Mei

Nimeipata. Haikuharibika hata kidogo.

Nulfo alikuwa kwenye mazishi ya diwani, kazini. Nikatafuta kwenye sanduku la kamera, chini ya godoro, ndani ya viatu vyake vya harusi. Ilikuwa kwenye bahasha ya cheti chake cha ubatizo. Ukanda mmoja, picha sita. Nikaunyanyua dirishani.

Wako wanne. Wa nne ni mwanamke. Kwenye filamu kila kitu kimegeuzwa, nywele nyeusi ni nyeupe, uso ni mweusi, meno meusi kama ya mzimu. Sikuweza kujua ni nani. Ila anacheka. Amenyoosha mkono nyuma ya mgongo wa Sining mfupi, amemshika mama mkwe bega, kama mtu wa nyumbani.

Kama mkwe.

Nikakaa sakafuni. Siku ishirini na tano za ndoa, na mume wangu ameniambia uongo wa kwanza.

Alhamisi, 13 Mei

Nimempelekea mhariri ule ukanda. Mwenyewe, kwa mkono wangu.

Bwana Degracia aliruka kutoka kwenye kiti. "Mke wa Beltran! Mumeo kaniambia imeungua!" Nikamwambia tulikuwa tumekosea. Nikamwomba asimwambie Nulfo nani kaleta. Akaweka kidole mdomoni kama tuko kwenye sinema.

Angeweza kunisafishia picha papo hapo. Aliniuliza kama nataka kungoja. Nikakataa. Niliogopa kuuona uso ule mbele ya mtu mgeni. Nikajiambia nitauona na mji mzima, Jumamosi, na Nulfo akiwa amesimama mbele yangu hana pa kuficha macho.

Hivyo ndivyo nilivyotaka. Naandika ili nisije kusema baadaye sikutaka.

Usiku amenikumbatia usingizini akasema jina langu, Vangie. Langu!

Ijumaa, 14 Mei

Mungu wangu. Mungu wangu nisamehe.

Saa tisa nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda kiwandani kunakochapwa gazeti. Mtambo ulikuwa umeshaanza, sakafu inatetemeka. Bwana Degracia akanipa karatasi moja, mbichi, wino ukinishika vidoleni. Ukurasa wa tano. HUYU HAPA WA NNE!

Ni mama.

Mama yangu. Anacheka, kichwa nyuma, jino lile la pembeni halipo. Na kucha zake nyeusi, ambazo nimeziona maisha yangu yote na sikuzitambua—za utomvu wa ndizi! Huzimenya kila siku, hautoki hata kwa limau. Nilitafuta rangi ya Hong Kong nikapita juu ya mkono ulioniogesha.

Nulfo alikuwa pale. Alikuwa amefika kabla yangu, amekwisha gombana na mhariri na kushindwa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Akaniambia nje, chini ya nyaya za umeme, pikipiki zikipita. Mama huvuka mto siku za soko, mara mbili kwa wiki, anamwambia baba anauza ndizi. Anakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mama mkwe kuuliza habari zangu. Analala vizuri? Anakula? Nulfo anamfokea? Siku ile Nulfo alipokuja na kamera aliwachekesha wote, na mama akasahau kujificha. Baadaye akamsihi Nulfo, mwanangu, nikate. Baba yake Vangie akiniona humo sina nyumba.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Mimi mkeo!"

"Alinikataza. Alisema, Vangie siri humkaa usoni. Akijua atakimbia kuja ng'ambo siku hiyo hiyo."

Ningekimbia. Kweli ningekimbia.

Nikamrudia mhariri. Nikamsihi. Nikamwambia barua ni yangu, mimi ndiye Mpenda Kweli, naiondoa. Akacheka kwanza, kisha akaona sitanii. Akanyoosha mkono kuonyesha marundo: nusu ya nakala zimekwisha funga safari. "Binti, wasomaji walitaka wa nne. Nimewapa wa nne. Mama mkwe wako atapona, si ndivyo ulivyoandika?"

Na amepona! Tumerudi tukamkuta jikoni. Merli kamsomea ukurasa mbichi, naye kaamka, kadai kikaango chake, anakaanga samaki. Aliponiona akazima jiko. Akanivutia kiti.

Nimemuuliza kwa nini hakusema, alipokuwa anaogopa kufa.

"Mimi nina miaka sitini na nane," akasema. "Mama yako ana baba yako."

Jumamosi, 15 Mei

Naandika nikiwa kwetu, ng'ambo ya mto. Benchi la barazani, daftari magotini, najifanya naandika orodha ya vitu vya sokoni.

Tulivuka kwa kivuko cha kwanza. Nilitaka kufika kabla ya gazeti. Mama alikuwa jikoni na ndizi zake. Hatukulia—hapakuwa na nafasi. Nilimwambia yote kwa mnong'ono, barua, filamu, yote. Alinisikiliza akimenya. Mwishowe akasema, "Umekonda," akanitilia wali.

Nikamwomba tuondoke pamoja, sasa hivi, kwa Nulfo kuna chumba. Akasema hawezi kuondoka wali ukiwa motoni. Nikasema mama! Akasema, "Nimekimbia miezi miwili kwa kujificha, mwanangu. Miguu imechoka."

Nulfo yuko nje ya lango. Hataki kuingia bila kuitwa na hataki kuondoka. Ameacha kamera nyumbani, mikono haijui ikae wapi.

Baba alirudi kutoka kivukoni saa mbili na robo. Gazeti kwapani. Alimpita Nulfo langoni kama anavyopita mti. Akaniona. Akasimama. Nikambusu mkono, hakuuvuta. Hakusema karibu wala toka. Akaketi mezani, mlango uko wazi, namwona kwa upande.

Baba husoma kuanzia nyuma. Matokeo ya jogoo, ukurasa wa nane. Huwa anayasoma mara mbili.

Amesoma mara mbili.

Ukurasa wa saba, bei ya mbata. Wa sita, matangazo ya vifo. Analowesha kidole.

Wa tano.

Mama ameacha kumenya.

Hasogei. Amevua miwani, ameifuta kwa shati, ameivaa. Ameisogeza karatasi mbali, kisha karibu. Nilifikiri angeichana. Nilifikiri meza ingeruka. Anatazama tu. Nikimfahamu baba, haangalii meza ya chaza, wala mama mkwe, wala jina la Nulfo kwa herufi ndogo. Anaangalia kinywa cha mama. Sijui ni lini mara ya mwisho aliuona wazi namna ile, humu ndani.

Dakika nzima. Zaidi.

Halafu, bila kuinua kichwa:

"Hapa ulikuwa unacheka nini?"

Sauti si ya hasira. Au ni ya hasira, sijui, miezi miwili nimeisahau. Mama amesimama mlangoni mwa jikoni. Anafuta mkono mmoja kwenye aproni, kisha wa pili, kisha tena ule wa kwanza. Amenitazama. Ametazama langoni, alikosimama yule aliyemchekesha.

"Nakuuliza, Ising. Nataka kujua."

Na mama amevuta pumzi, na ameanza kusema, "Tulikuwa tunazungumza habari za—"